Kidirisha

Barke hakuuliza kama ni wa kike au wa kiume.
Aliuliza, "Mbona umenyamaza?"

Nilikuwa nimenyamaza dakika nne.
Najua, kwa sababu ile saa ndogo pembeni mwa skrini
huhesabu hata nisichotaka kihesabiwe.
Kichwa nilishakipima. Paja nilishalipima.
Uti wa mgongo, shanga zilizotungwa sawa.
Midomo, haina mpasuko.
Kisha moyo: vyumba vinne, kama ipasavyo,
milango ikifunguka, ikifungika,
mara mia moja na arobaini na sita kwa dakika.
Wengi huishia hapo. Hata mimi, siku za foleni,
nimewahi kuishia hapo, Mungu anisamehe.

Siku hiyo niliinamisha kipimo kidogo tu,
kuelekea kichwani mwa mtoto,
nikaiona mishipa miwili mikubwa
ikitoka moyoni sambamba, bega kwa bega,
kama ndugu waliogombania urithi
wakielekea msikiti mmoja.
Ilipaswa ipishane.
Ilipaswa mmoja umkumbatie mwenziwe kwa juu.
Nikafuta jeli, nikapaka nyingine.
Nikamgeuza Barke ubavu wa kushoto.
Sambamba.

Shekuwe alikuwa nje kwenye benchi na mfuko wake wa spana,
ametoka kuzibua bomba Langoni, suruali imelowa magotini.
Nikamwita. Sikuwa na maneno.
Jina la kitabuni ni refu, halina pa kukaa mdomoni.
Nikachora nyuma ya fomu ya rufaa
moyo uliotoka kama kiazi,
na mirija miwili juu yake.

Aliutazama. Akaigeuza karatasi.
Akaninyang'anya kalamu.
"Hii ni mizunguko miwili," akasema.
"Mai ya huku yarudi huku. Mai ya kule yarudi kule.
Safi hayendi nyumbani, machafu hayendi kusafiwa.
Hayapishani ndia."
Ndiyo, nikasema.
Mimi, miaka mitatu ya chuo. Yeye, nusu dakika.

"Basi yuwaishije?"

Nikamwonyesha kidirisha baina ya vyumba viwili vya juu,
kitundu ambacho sote tulikuwa nacho tumboni.
Humo huchanganyika, kidogo kidogo.
Na mama ndiye anayempumulia. Humu ndani hana shida.
Tazama, anakunja ngumi.

"Na kikizibika?"

Nikakawia. Feni ilikuwa ikigonga kitu darini.
Huanza kuzibika akishalia, nikasema.
Kilio kile ambacho mkunga hukingoja ameshika pumzi,
ambacho nyanya, nyuma ya pazia, hukipokea kwa vigelegele,
hicho hicho.

Barke alikuwa bado amelala, tumbo liking'aa,
shela ameikunja kifuani.
Nilitarajia machozi; kitambaa nilikuwa nacho mkononi.
"Basi asilie hapa," akasema.
"Akalilie palipo na fundi."

Hapa Amu hakuna fundi wa namna hiyo.
Nikaandika Nairobi. Nikaandika tarehe,
nikaandika, kabla ya wiki ya thelathini na sita awe ameshafika.
Hesabu ya nauli Shekuwe aliifanya kwa midomo, bila sauti.
Nyumba ya kupanga karibu na hospitali, wiki nne.
Aliuza nini baadaye, sikuuliza.

Waliponipungia mkono mlangoni
ndipo nilipokumbuka kwamba mchoro ulikuwa nyuma ya fomu,
nao wamekwenda nayo.
Upande wa mbele, mhuri wetu na sentensi zangu mbili.
Upande wa nyuma, kiazi,
mishale minne kwa mkono uliozoea kuchora ukutani,
vistari viwili vikikata mirija chini kabisa ya shingo,
na herufi kubwa za fundi bomba:
KATA HAPA. NA HAPA. BADILISHA.

Daktari mpasuaji ataisoma.
Sidhani ataongeza neno.